Zuhura, Maji Yametakata

Zuhura, shoga yangu,

Neno hili la shoga ulinifundisha wewe. Sisi Waha wa Kitahana hatukuwa nalo. Siku niliyokuita hivyo mara ya kwanza mbele ya mama yako, dukani kwenu Kibondo, alicheka mpaka akaweka chini kibaba cha sukari. "Muha wangu amekuwa mtu wa pwani," akasema. Tangu siku ile akawa ananiita Muha wake, na mpaka leo ananiita hivyo.

Nakuandikia kwa sababu sikukuaga. Wanaume walipokuchukua kwenda makaburini, nami niliinuka kufuata jeneza. Kwetu huenda sote mpaka kaburini, na kila mmoja hutupa konzi ya udongo. Shangazi yako akanishika mkono, akaniketisha taratibu mkekani, akaninong'oneza kwamba wanawake hubaki nyumbani wakisoma dua. Basi nikabaki. Nilisikia sauti za wanaume zikienda mbali, zikapotea upande wa barabara ya Nyakanazi, nami nimekaa uani na leso yako mapajani. Tangu hapo maneno yamenikaa kifuani, na leo nimeona afadhali niyatoe.

Nianze na mambo ya nyumbani. Chumba chako amepewa mwalimu mpya, kijana kutoka Singida, mpole, lakini hajui kupika ugali wa muhogo. Anaupika unakuwa uji. Jiko lako la mkaa bado ninalo. Wanafunzi wako wa darasa la saba wamemaliza, na Editha, yule uliyekuwa ukimwambia ana mdomo wa redio, amechaguliwa kwenda sekondari. Alipopata habari alikimbia kuja kwangu analia, nikajua anakulilia wewe.

Unakumbuka siku yako ya kwanza pale shuleni? Ulifika na lori la mahindi, sanduku moja kichwani na ndoo mbili mkononi. Nikakusalimu "Mwakeye," wewe ukajibu kwa Kiha kilichonyooka, maana ulizaliwa Kibondo, ila kwa lafudhi ya mtu aliyelelewa na nyanya wa Ujiji. Jioni ileile tukateremka kijitoni kuchota maji. Mimi nilikuwa na haraka kama watu wote. Wewe uliweka ndoo chini, ukachuchumaa, ukaingiza mkono kwenye maji ya Nyakasanda ukatoa jani moja lililooza.

"Modesta, hebu tazama hili."

Nikatazama. Lilikuwa jani la mti, limebaki mishipa mitupu kama kitambaa cha kufuma. Ukaligeuza, na chini yake palikuwa na kidudu kilichojijengea kijumba cha vijiti na mchanga, kinatembea nacho. Ukaniambia huyo ndiye mlaji. Majani yanaanguka kutoka kwenye miti ya ukingoni, yanalainika majini, wadudu wanayatafuna, mavi yao na mabaki yao yanakwenda chini na mkondo, mafunjo yanayanywa kwa mizizi. Mafunjo nayo yakifa yanaoza, yanalisha konokono na viluwiluwi, na viluwiluwi wanaliwa na kambale. "Mto hautupi kitu," ukasema. "Kitu kinapita tumbo hili, kinaingia tumbo lile."

Nikakwambia mimi nimekunywa maji haya tangu utotoni, na sasa umenitia kinyaa. Ukacheka mpaka ukashika ubavu.

Tukawa tunateremka kila jioni. Wakati wa kupanda kurudi shule ulikuwa ukisimama, tena mara nyingi. Unatua ndoo, unainama kwenye majani ya kando ya njia, unayachungulia kwa makini, unaniuliza kwa Kiha jina lake nini. Nami nasimama nakungoja, nakutania kwamba Mungu alikosea, alitaka kuumba mbuzi akaumba mwalimu. Kumbe hukuwa unatazama majani. Ulikuwa unatafuta pumzi. Mama yako ndiye aliyeniambia, siku ya tatu ya msiba: tangu utotoni moyo wako ulikuwa mbovu, na daktari alikukataza milima. Kitahana yote ni milima, Zuhura. Ulikubali kupangiwa huku ukijua, na hukuniambia hata siku moja. Nilikasirika. Nilikaa na hasira juu yako wiki nzima, kisha nikagundua kwamba jina la kila jani la njia ile ninalijua kwa sababu ulisimama kupumzika, na hasira zikaniisha.

Halafu ukaja ule mwaka wa kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika juu ya vilima, kila ukoo na migomba yake, wakahamishwa kuja kujenga mistari ya nyumba juu ya bwawa letu, pale kijito kinapoishia kabla hakijatoka tena upande wa pili. Bwawa lile lilikuwa zuri. Mayungiyungi yalilifunika ukingo mmoja, na mdomoni mwake, kijito kinapoingia, palikuwa na mafunjo mazito marefu kuliko mtu, ambayo kwetu tunayaita urufunzo. Wageni wale walikuwa na njaa. Shamba la kijiji lilikuwa bado pori. Mzee Lazaro, mwenyekiti, akaona ule udongo mweusi chini ya mafunjo, akasema hapa tukifyeka tutapata kabichi na viazi kabla ya mwaka kwisha.

Ulikwenda kwake. Ulimweleza kwamba mafunjo ndiyo yanayochuja. Kwamba mbolea ya mazizi, na ile ya magunia iliyoletwa na serikali, na uchafu wote wa nyumba zile za mlimani, mvua itauteremsha, na kama hakuna mizizi ya kuunywa njiani utaingia bwawani wote. Mzee Lazaro alikusikiliza vizuri. Si mtu mbaya, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo. Akakujibu, "Mwalimu, nakuelewa. Lakini watoto wa watu wanalala na njaa leo." Ukarudi nyumbani ukaniambia hujui ungemjibu nini, maana hata yeye alikuwa na haki.

Wakafyeka. Kabichi zikatoka kubwa, na sisi wenyewe tulizila.

Mvua zilipokaribia kwisha maji yakageuka. Kwanza yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchicha, kisha yakawa mazito, kijani kibichi kama rangi ya mlango. Mayungiyungi yakapotea. Harufu ikaingia hadi darasani. Asubuhi moja watoto wakaja mbio: samaki wanaelea, perege kwa kambale, matumbo juu.

Unajua watu wa kwetu. Samaki wakifa, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule aliyetwanga utupa. Ni kweli, mizizi na majani ya utupa yakitwangwa na kumwagwa majini huua samaki, na babu zetu walivua hivyo. Na kule juu, kwenye chemchemi ya Nyakasanda, alikuwa akiishi Bizimana peke yake. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi wakati wa mauaji, hana mke tena, hana mtoto tena, na hakuwa mtu wa maneno. Mtu akasema alimwona na kinu. Mwingine akaongeza kwamba Mrundi huyu hajawahi kutusalimu vizuri. Hadi jioni habari ilikuwa imekwisha kukomaa: afukuzwe, na kibanda chake kichomwe.

Sitasahau ulivyovaa viatu. Ulivaa kimya, ukafunga kamba, ukaniambia, "Twende kwa mwenyekiti. Nitakachomwomba ni kitu kimoja tu, asubuhi ya kesho."

Na alfajiri kijiji kizima kikawa bwawani. Bizimana ameketishwa juu ya gogo, mikono katikati ya magoti, anatazama chini. Vijana wawili wamesimama nyuma yake na fimbo. Wewe ukasimama ukingoni, shungi limelowa umande, ukaomba watu watazame maji. Samaki waliobaki hai walikuwa wamejaa juu, midomo wazi, wanameza hewa. Maji yalikuwa yakichemka midomo.

"Mnaona wanavyohema?" ukauliza. "Huyu mgeni akiwa ametia utupa, samaki hawa hawataishi. Watakufa wote kabla ya adhuhuri. Lakini mimi nasema hakuna utupa. Maji yamelishwa kupita kiasi, yameota majani madogo yasiyoonekana moja moja kwa macho. Mchana majani haya yanatoa hewa, usiku yanavuta hewa ileile, na yakifa yakioza yanaivuta zaidi. Kulipokucha samaki hawakuwa na cha kupumua. Jua likipanda watateremka chini wenyewe. Tukae tungoje."

Mtu akacheka kwa nyuma. Mama mmoja akasema wana kazi za kufanya. Mzee Lazaro akakaa chini kwenye nyasi, akavua kofia, akasema, "Tutangoja."

Zuhura, nilikuwa nimesimama ubavuni pako. Mawingu yalikuwa juu ya vilima. Nilisali rozari yote kimoyomoyo, nikaanza tena. Nilikuwa najua kwamba kama siku ingebaki na mawingu, samaki wangeendelea kufa, na yule mtu kwenye gogo angekwisha. Wewe ulikuwa umekaa sasa, umeegemea mti, nikadhani ni utulivu.

Jua likatoka kwa kuchelewa, likawaka. Hakuna aliyeondoka. Watoto wakaanza kucheza, wakakaripiwa. Kisha yule mama aliyesema ana kazi akanyoosha kidole: "Wanapungua." Kweli walikuwa wakipungua. Mmoja mmoja walifunga midomo wakazama, mpaka uso wa maji ukabaki mtupu, wa kijani, umetulia.

Hapakuwa na kelele za kushangilia. Mzee Lazaro alivaa kofia yake, akaenda akamshika Bizimana mkono akamwinua. Vijana wakatupa fimbo. Bizimana alikupita, akarudi akasimama mbele yako, akasema kwa Kirundi neno moja tu la shukrani, sauti imekauka kama mtu aliyesahau kuzungumza.

Baada ya pale kijiji kikakusikia. Mazizi yakahamishwa juu, mbali na maji. Ikakubaliwa bustani ya mdomoni iachwe na mafunjo yarudishwe mvua zikianza. Uliingia topeni na sisi. Nilikukataza uliposhindwa kuvuta mguu, ukaniambia nisikufanye bibi harusi. Bizimana alikuwa akichimba vipande vya mizizi kule chemchemini, anavibeba mgongoni, anavipanga kwenye tope, na wewe ukivikanyagia kwa kisigino. Siku ile ulikuwa na furaha. Ulikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Miguu yako ikaanza kuvimba kabla mvua hazijafika nusu. Ukawa unalala umekaa, umeegemea mto wa pamba. Kaka yako akaja na Landrova ya jirani, akakupeleka hospitali Kibondo. Nilikuwa nakuja kila Jumamosi kwa lori, na kila Jumamosi ulikuwa mdogo zaidi kitandani, lakini ulikuwa ukiuliza mambo ya bwawa kabla sijaketi. Siku ya mwisho niliyokukuta unaongea, ulinivuta karibu.

"Modesta, yale maji yanaweza kugeuka tena kiangazi. Watu wasikate tamaa. Lile tope la chini limekula sana, litaendelea kutapika."

Nikakwambia acha tope, kunywa uji. Ukanywa vijiko viwili ili kunifurahisha mimi.

Mambo haya yote unayajua. Sasa nikwambie usiyoyajua.

Maji yaligeuka tena, kama ulivyosema. Mafunjo yalikuwa yameshika vizuri, mabichi, yamefika kiunoni, na bado bwawa likawa kijani, na samaki wachache wakafa. Nikaona nyuso za watu. Hawakusema kitu mbele yangu, lakini nilisikia kijitoni: mwalimu wa Kiislamu alitudanganya, tumeacha kabichi zetu bure, na yule Mrundi bado yuko kule juu. Siku moja Bizimana alikuja shuleni akasimama mlangoni mwa darasa langu, kofia mkononi. Alisema amekuja kuaga. Anakwenda zake kabla hawajamfuata.

Nikamwambia angoje. Sikujua angojee nini. Mimi ni mwalimu wa hesabu na Kiswahili, shoga yangu. Ninajua kugawanya kwa desimali. Lakini nilikwenda kwa Mzee Lazaro nikaomba mkutano, na siku ya mkutano nikasimama pale ulipokuwa umesimama wewe. Nilianza vibaya. Nilisema maneno makubwa ya kitabuni, watu wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe. Mzee mmoja akauliza kwa nini asifundishe mwenye somo. Mwingine akamjibu kwa upole, "Mwenye somo amekufa." Basi nikaacha kitabu. Nikazungumza Kiha, kama ninavyozungumza na mama yangu.

Niliwaambia: mtu akila sana sikukuu, asipokula kesho yake, je, tumbo linapona papo hapo? Wakasema hapana. Nikasema basi bwawa hili tumelilisha mwaka mzima. Mafunjo yamezuia chakula kipya kisiingie, lakini kile cha zamani kiko chini, kwenye tope, na kila joto likija kinapanda juu tena. Zuhura aliniambia kwa mdomo wake kitandani. Alijua, na aliogopa mtakata tamaa.

Mama mmoja akauliza, "Sasa tope hilo linatolewa vipi?"

Nilikuwa sijafika huko. Bizimana, ambaye alikuwa amekaa pembeni kabisa na mzigo wake umefungwa tayari, akasema kwa sauti ndogo kwamba kiangazi kikikaza maji yatashuka, na tope la kando linachoteka kwa jembe. Mzee Lazaro akafikiri, akasema kama ni chakula kilichokaa chini, basi na kiende kwenye mashamba, kwa nini kipotee. Kikao kikaisha hivyo. Sikuwashinda kwa hoja, Zuhura. Nadhani walikukumbuka tu, wakaona aibu kukuacha.

Kiangazi tulifanya msaragambo. Wanaume walichimba tope kandokando ya bwawa, wanawake na watoto wa shule tukalibeba kwa matenga mpaka shamba la kijiji. Lilinuka mno. Mabega yetu yalikuwa meusi, na nzi walitufuata kama ndugu. Mwalimu wa Singida alitapika mara ya kwanza, mara ya pili akazoea. Bizimana aliufungua mzigo wake siku ya kwanza ya kazi, maana jembe lilikuwa ndani, na hakuufunga tena. Maharage yaliyopandwa juu ya lile tope yalitambaa mpaka yakapanda juu ya uzio. Watu ambao walilia kwa ajili ya kabichi wakanyamaza.

Mvua za mwaka huu zimekuja na kupita, na maji yametakata. Si kama zamani, sitakudanganya. Upande wa chini bado kuna utando kidogo asubuhi. Lakini ukisimama mdomoni unaona mchanga, unaona wale wadudu wenye vijumba vya vijiti wakitembea juu ya majani yaliyoanguka, na perege wadogo wamejaa kwenye kivuli cha mafunjo. Yungiyungi moja limechanua. Nilikaa nikalitazama mpaka nikachelewa kipindi.

Bizimana ameoa. Ndiyo, ameoa, mjane kutoka Munanila, mwanamke mcheshi anayesema kwa ajili ya wote wawili. Watoto wa huyo mke sasa wanasoma kwetu.

Mwezi uliopita kijiji kilivua kwa mara ya kwanza tangu maji yageuke. Mzee Lazaro alitoa samaki wa kwanza, wakubwa, akaniambia niwapeleke kwa mama yako. Nikapanda lori na tenga la samaki waliokaushwa, abiria wote wakinitazama kwa sababu ya harufu. Mama yako aliwapokea kwa mikono miwili. Akawapika kwa nazi kavu aliyoletewa kutoka Ujiji. Tulikula sinia moja, yeye na mimi na shangazi yako, na katikati ya chakula akasukuma minofu upande wangu akasema, "Kula, Muha wangu. Zuhura alikuwa mlaji mbaya, sikuzoea kuona sinia likiisha." Tukacheka, kisha hatukucheka.

Yapo mambo mawili yamebaki.

La kwanza, nimepata uhamisho. Ninakwenda Kasulu, shule iliyo karibu na mji, na wameniandikia kwamba nitafundisha sayansi, kwa sababu mwalimu mkuu aliwaambia ninaiweza. Nilikwenda kumgombeza. Akasema hawezi kubadilisha. Ninaogopa, lakini si sana.

La pili, jana mama yako alinipeleka kwako. Alisema sasa msiba umepita, anaweza kunionyesha. Ni mahali safi. Pana nyasi fupi, na jiwe la kichwani limeanza kuota kuvu kijivu na kijani. Mama yako alitaka kulisugua kwa maji. Nilimwomba aliache. Nikamwambia Zuhura angetaka kujua inaitwaje.

Kwaheri, shoga yangu. Lala vizuri, usihangaike na pumzi tena. Kasulu kuna kijito nyuma ya shule, nimeuliza. Wiki ya kwanza, kabla sijaandika neno ubaoni, nitawateremsha watoto wote mpaka majini, na wakati wa kupanda nitatembea polepole kwa ajili ya yule wa nyuma kabisa. Hilo nakuahidi.

Wako,
Modesta